Jinsi ya kusoma EPD kabla hujachagua simenti au nondo

Jamani, jani la kijani kwenye mfuko wa simenti lisikubabaishe, mara nyingi hilo ni tangazo tu, kampuni imejisifia yenyewe. Ukitaka kujua kweli bidhaa imemwaga hewa ukaa kiasi gani dai EPD, yaani tamko la athari za bidhaa kwa mazingira, linaandaliwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 14025 na kwa vifaa vya ujenzi wengi wanatumia kile cha Ulaya, EN 15804, halafu mhakiki asiye na maslahi na kiwanda anapitia hesabu zote kabla hazijatoka. Ila tuelewane, EPD sio cheti cha kusema bidhaa ni nzuri, hata bidhaa chafu inaweza kuwa nayo, inakupa namba tu, kuamua ni kazi yako.

Ukitumiwa PDF cheki kwanza tarehe maana kawaida inadumu miaka 5, kisha jina la mhakiki na namba ya usajili, hiyo namba itafute mwenyewe kwenye tovuti ya waliosajili, mfano International EPD System ya Sweden. Angalia pia kama ni ya kiwanda kinachokuuzia au ni wastani wa viwanda vingi, wastani wa Ulaya haukuambii kitu kuhusu mfuko uliotoka Tanga.

Sasa jedwali. Tafuta mstari wa GWP, yaani mchango wa bidhaa kwenye kuongeza joto la dunia, uko kwa kilo za CO2 (hewa ukaa). A1 mpaka A3 ni malighafi hadi bidhaa inatoka kiwandani, A4 ni usafiri mpaka saiti, na hapo weka umbali wako halisi kwa sababu lori la kwenda Kigoma sio sawa na la mtaa wa pili. D ni faida ya baadaye, kama vile nondo kuyeyushwa tena, hiyo inasimama peke yake, muuzaji akikujumlishia humo ili namba ishuke mkatalie.

Hapa ndo watu wengi wanapigwa: kulinganisha tani kwa tani. Tuseme simenti ya kwanza ina kilo 850 za CO2 kwa tani, ya pili 650, unaona ya pili imeshinda kwa mbali. Lakini zege la nguvu ileile linataka mifuko 6 (ya kilo 50) ya kwanza kwa kyubiki mita moja, na ya pili mifuko 7. Piga hesabu, kilo 300 zinakupa 255 na kilo 350 zinakupa 227.5, tofauti ipo ila ni ndogo kuliko ulivyodhani, kwa hiyo linganisha kwa kazi itakayofanyika na mix, yaani vipimo vya kuchanganya zege, aipitishe mhandisi.

Nondo ni rahisi zaidi, uliza imetoka kwenye chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme au kwenye madini na makaa ya mawe, ya chakavu kwa kawaida iko chini sana.

Na kama muuzaji hana EPD? Soma aina ya simenti kwenye mfuko. CEM I ina klinka (mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa tanuruni, ndo kiini cha simenti) kuanzia asilimia 95, CEM II/B ni 65 hadi 79, CEM IV/B 45 hadi 64, na klinka ndo yenye mzigo kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ukaa inatoka kwenye chokaa yenyewe ikichomwa, hata ungebadilisha kuni za tanuru. Kisha mwandikie muuzaji kabla ya kulipa: asilimia ya klinka ngapi, mafuta gani ya tanuru, EPD ya kiwanda hiki lini.