Umenunua mashine ya kunyolea ya bei mbaya? Ijaribu hivi kabla hujaisifia

Nazungumzia ile ya mkono unayofungia wembe wa makali mawili, si ya umeme. Kitu cha kwanza, mashine haikati ndevu, kinachokata ni wembe. Hata iwe ya chuma cha pua iliyochongwa kwa ufundi gani, ukiitia wembe butu itakukwangua tu. Hela unayolipia ni ya namna inavyoushika wembe, yani ukae sawa pande zote mbili na usichezecheze, pia chuma chenyewe kinadumu. Nyingi za bei ya chini ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, zinanyoa freshi tu, ila kromu ikishachubuka ndo basi tena.

Sasa ukitaka kuipima kwa haki, tumia wembe wa aina ileile unayoizoea. Usibadilishe mashine, wembe na sabuni siku moja maana ukitoka vipele hutajua ulaumu kipi. Nyembe zenyewe hazifanani, Feather ya Japani ni kali kwelikweli, Derby ya Uturuki ni ya upole, na mashine ileile inabadilika kabisa ukihama kutoka huu kwenda ule.

Wembe ushike kwenye zile ncha fupi zisizo na makali. Ukishakaza, inua kichwa cha mashine usawa wa macho kwenye mwanga uangalie makali yamechungulia sawa kushoto na kulia, kama upande mmoja umetokeza zaidi legeza, bana kifuniko (kile kipande cha juu kinachoufunika wembe) kwenye ncha zilezile fupi, kaza tena. Mashine ya hela nyingi ambayo kila ukifunga wembe lazima uirekebishe, mi ningeirudisha.

Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelainika, piga povu zito la brashi na likianza kukauka ongeza maji. Kabla hujapaka pitisha vidole shavuni na shingoni ujue nywele zinalala kuelekea wapi, shingoni hasa, huko huwa zinajiendea zinakotaka.

Pembe ndo kila kitu. Gusisha kifuniko shavuni mpini ukiwa umetokeza nje moja kwa moja, halafu uinamishe chini taratibu mpaka usikie wembe umeanza kukamata nywele, hapo ni kama nyuzi 30. Shika mwisho wa mpini kwa vidole tu, usikandamize, uzito wa mashine unatosha, na hapa ndo wengi waliozoea zile za plastiki wanajikata kwa sababu mkono umezoea kusukuma. Vuta kidogo kidogo, suuza, endelea.

Siku za mwanzo fuata nywele zinavyolala, ukitaka zaidi paka povu tena upite kwa kukatisha, yani kutokea ubavuni mwa nywele. Kunyoa kinyume acha kwanza, na kama nywele zako ni za kujikunja zinazorudi kuota ndani ya ngozi, shingoni usinyoe kinyume kabisa.

Ukitaka jibu la haraka shavu moja nyoa na mpya, lingine na ya zamani, zote na wembe mpya wa aina moja. Suuza kwa maji baridi kisha pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa, panapowasha zaidi ndipo ulipokandamiza au pembe ilikukimbia. Mashine zenye namba za kurekebisha wembe utokeze kiasi gani anza na ndogo, panda siku nyingine. Wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kukata ubadilishe, ule wa zamani tumbukiza kwenye kopo lenye mfuniko.