Kupima vumbi analovuta mfanyakazi: mwongozo kutoka kiwanda cha kukoboa kahawa

Mwongozo huu ni wa afisa usalama wa kiwanda, mkaguzi mpya, au mwanafunzi wa afya kazini aliyekabidhiwa pampu ndogo ya kuvuta hewa kupitia filta na kuambiwa akapime vumbi. Mfano wangu ni kiwanda cha kukoboa kahawa kwa sababu ndiko nilikozoea, lakini hatua ni zilezile kwa mkonge, pamba, unga au mbao. Jambo moja lishike tangu mwanzo: tunampima mtu, hatupimi jengo. Kifaa ukikiweka mezani katikati ya ukumbi kitakupa namba, ila meza haina mapafu.

Hatua ya 1: Tembea kwanza, pampu ibaki kwenye begi

Ifuate kahawa tangu inaposhushwa kwenye lori mpaka inapopakiwa ikiwa safi. Simama pale magunia yanapomiminwa kwenye hopa, yaani mdomo mpana unaoingiza kahawa mashineni, pita kwenye mashine za kukoboa, kwenye chekeche za kupanga madaraja, na usisahau mahali pumba zinapotokea. Halafu subiri mwisho wa zamu uone wanavyofagia. Mara nyingi ufagio mkavu na hewa ya kompresa vinarusha vumbi jingi kuliko mashine yenyewe, na ukiondoka saa nane mchana hutaviona.

Beba tochi yenye mwanga mkali. Vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu halionekani kwa macho, lakini ukiliangaza kwa tochi sehemu yenye kivuli, kisha ukatazama kuelekea kwenye mwanga kwa pembeni huku umeikinga taa yenyewe kwa kipande cha kadibodi, utaliona likielea na utajua linaelekea wapi. Njia hii haikupi kipimo. Inakuonyesha tu nani amesimama ndani ya wingu.

Uliza pia kuhusu msimu. Ukienda kupima wakati kiwanda kinakoboa mabaki utarudi na namba nzuri isiyo na maana. Nenda mzigo ukiwa umejaa.

Hatua ya 2: Gawa makundi, kisha chagua watu kwa bahati nasibu

Weka pamoja wanaofanya kazi moja, mahali pamoja, kwa namna moja: wamiminaji, waendesha mashine, akina mama wa kuchambua kwa mkono, wapakiaji, wafagiaji. Kiwango cha Ulaya EN 689 cha mwaka 2018 kinaanza na vipimo 3 hadi 5 kwa kila kundi. Vitatu vikiwa vyote chini ya asilimia 10 ya kikomo, yaani kiwango cha juu kinachoruhusiwa hewani, kundi limepita. Ukiwa na vinne, mstari ni asilimia 15, na vitano asilimia 20. Vikivuka hapo bila kupita kikomo chenyewe, ongeza mpaka visipungue 6 ndipo ufanye hesabu za takwimu. Kimoja kikipita kikomo, huhitaji takwimu kujua kuna tatizo.

Majina yatoke kwa kura. Msimamizi akikuchagulia atakupa wale watulivu, wasafi, wenye vitambulisho. Vibarua wa kutwa, ambao ndio wanaomimina magunia, huenda hata kwenye orodha ya mishahara hawamo. Watafute.

Hatua ya 3: Andaa filta na pampu

Filta zikae kwenye chumba cha mizani angalau usiku mzima kabla ya kupimwa, na vivyo hivyo zikirudi. Unyevu una uzito, na hapa tunashughulika na sehemu za miligramu. Mizani isome angalau mikrogramu 10. Kwa kila filta kumi weka moja ya shahidi, na zisipungue mbili: hizo zinasafiri, zinafunguliwa na kufungwa kama nyingine, ila hazivutiwi hewa.

Kwa vumbi lote linaloweza kuingia puani na mdomoni, kichwa (kifaa kidogo kinachoshika filta) cha aina inayoitwa IOM kinatumia lita 2 kwa dakika. Ukitaka lile laini tu, kama la silika machimboni, unahitaji saikloni, kichwa kinachozungusha hewa ili kulitoa vumbi kubwa, na kila saikloni ina mtiririko wake, hivyo soma karatasi yake. Usilinganishe namba za vichwa viwili tofauti kana kwamba vinapima kitu kimoja.

Pima mtiririko wa pampu kabla ya kazi na baada ya kazi, kifaa kikiwa kimeunganishwa kamili. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo itupe.

Hatua ya 4: Mvike mfanyakazi

Pampu kiunoni, mpira upitie mgongoni, kichwa cha kunasa vumbi kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Kwa anayebeba magunia begani, weka bega lisilobeba. Kwa mama aliyevaa mtandio, hakikisha nguo haifuniki mdomo wa kifaa. Mwenye barakoa anapimwa vilevile, kifaa kikiwa nje ya barakoa.

Eleza kwanza, na uombe. Watu wengi wanadhani ni kinasa sauti cha bosi. Mimi husema: "Shikamoo mama. Hii hairekodi maneno, inavuta tu hewa unayovuta wewe. Ukichoka nayo niite nije niivue, usiivue mwenyewe." Anayekataa aachwe, na mwingine achaguliwe kwa kura.

Hatua ya 5: Kaa naye, andika

Hapa ndipo wengi wanapokwenda kunywa chai. Usiende. Pampu itakupa uzito wa vumbi wa siku nzima, haitakuambia limetoka wapi. Andika saa na kazi: amemimina saa ngapi hadi saa ngapi, amesaidia kuzibua mashine, amekula wapi, upepo umegeuka, mlango mkubwa ulikuwa wazi au umefungwa. Umeme ukikatika, andika dakika zake. Kama kukatika ni kawaida ya kiwanda, sampuli inaendelea. Kama ni ajabu ya siku hiyo, pima siku nyingine. Kila saa moja au mbili chungulia pampu kama bado inavuta.

Hatua ya 6: Gesi hazinaswi na filta

Ghala la kahawa likifukiziwa kwa vidonge vya fosfidi ya alumini hutoka fosfini, gesi yenye sumu, na filta yako haitaiona. Tumia mita ya gesi au mirija inayobadilika rangi, pima kabla ya mtu yeyote kuingia, na usitegemee pua. Kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ni 0.3 ppm (sehemu kwa milioni) kwa wastani wa zamu, na 50 ppm tayari ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa viyeyusho vya rangi na gundi hutumika mirija ya mkaa na pampu ndogo ya mtiririko wa chini, kisha maabara. Hiyo ni kazi ya kujifunza peke yake.

Hatua ya 7: Hesabu

Tuseme filta imeongezeka miligramu 2.54, na za shahidi zimeongezeka kwa wastani 0.02. Vumbi halisi ni 2.52. Pampu ilivuta lita 2.0 kwa dakika kwa dakika 420, yaani lita 840, au mita za ujazo 0.84. Gawanya: 3.0 mg/m³, yaani miligramu kwa mita ya ujazo ya hewa. Kikomo huhesabiwa kwa zamu ya saa 8, hivyo kama zamu yake ni ya saa 10 na kazi ni ileile, zidisha kwa 10 ugawe kwa 8: sasa ni 3.75.

Linganisha na nini? Norwei inaweka 5 mg/m³ kwa vumbi litokanalo na viumbe hai, kama mimea. Uko chini, lakini usishangilie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye viwanda vya kahawa vya Tanzania ulikuta vumbi la robusta ni zaidi ya la arabika, takribani 3.4 mg/m³ dhidi ya 2.1. Endotoksini, sumu itokayo kwenye kuta za bakteria, ilikuwa kinyume: arabika ilikuwa na vizio 10,800 kwa mita ya ujazo, robusta 1,400. Wataalamu wa Uholanzi wanapendekeza isizidi 90. Arabika huchachushwa na kuoshwa kwa maji kabla ya kukaushwa, na bakteria hupenda maji. Kwa hiyo zungumza na maabara mapema. Filta za endotoksini zina masharti yake ya usafi na ubaridi, na huwezi kuyatimiza baada ya kurudi.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Kila aliyevaa pampu aambiwe namba yake, kwa lugha anayoielewa, kabla ripoti haijafika ofisini. Kwenye ripoti weka kazi, si majina. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi, hivyo anza na anachoweza kubadilisha kwenye chanzo: hopa ifunikwe na iwekewe kivuta vumbi, pumba zitokee nje, ufagio ubadilishwe na mashine ya kunyonya. Barakoa iwe ya mwisho kwenye orodha, na iwe ya FFP2, daraja la Ulaya la barakoa zinazochuja vumbi laini, siyo kitambaa.

Hopa ikishafunikwa, rudi msimu unaofuata, kazi ileile, kundi lilelile, na daftari lako la zamani mkononi.