Ukibadilisha kioo cha mbele, usiisahau kamera

Wenye magari yanayofunga breki yenyewe, hili lishikeni. Juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Subaru zenye EyeSight, yaani mfumo wao wa kufunga breki yenyewe, zina mbili. Toyota nyingi zina moja, na rada yake, ambayo nayo hupima umbali, iko nyuma ya nembo ya mbele.

Sasa lori likirusha kokoto pale Usa River, kioo kikapasuka, fundi atabandika kipya, airudishe kamera mahali pake, uondoke. Haitoshi! Kamera ikipinda hata kidogo, inapima umbali vibaya: inaweza kufunga breki bure, au isifunge kabisa. Lazima ipangwe upya kwa mashine, tena kwa kioo chenye ubora unaofaa. Muulize fundi kama ana mashine hiyo kabla hujamlipa. Kama hana, tafuta mwenye nayo.

Stika usizibandike mbele ya kamera. Ukitoka barabara ya vumbi, futa pia nembo ya mbele yenye rada. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, endesha ukijua breki ni mguu wako tu, hasa bodaboda wanapochomoka kushoto pale Tengeru siku ya soko.