Uji wa mchele kwa mtoto: namna ya kupunguza aseniki

Kina mama na kina baba, leo tuzungumze kuhusu mchele tunaowasagia watoto uji. Aseniki ni sumu iliyomo ardhini na majini kiasili. Udongo wa shamba la mpunga ukifunikwa na maji, huiachia sumu hiyo, mizizi ikaifyonza, ndiyo maana mchele huwa nayo kuliko nafaka nyingine. Haina harufu wala ladha. Mtoto, kwa uzito wake, hula chakula kingi kuliko sisi, na ubongo wake bado unakua. Mwaka 2016 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kikomo cha miligramu 0.1 ya aseniki isokaboni, ile aina iliyo mbaya zaidi, kwa kilo ya mchele wa vyakula vya watoto. Mwaka 2020 Marekani iliweka kiwango hicho hicho kwa uji wa mchele wa watoto wachanga.

Sisemi mchele uachwe. Nasema usiwe uji wa kila siku.

Hatua ya 1. Mpaka miezi 6, maziwa ya mama peke yake.

Hatua ya 2. Badilisha vyakula kwa zamu. Leo ulezi, kesho mtama, keshokutwa matoke au viazi vitamu. Ekitoobero, chakula cha mchanganyiko wanachofundisha Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, Kampala, kinatufaa sana hapa: chakula kikuu, maharage au karanga, na mukene (dagaa), yai au maziwa, vyote katika sahani moja. Unga wa pakiti nao usome: kwa kawaida kinachotajwa kwanza ndicho kingi, na mara nyingine ni mchele hata kama mbele pamechorwa soya. Lakini tusikimbie sumu moja tukaangukia nyingine. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, kwa hiyo nunua zilizokauka vizuri.

Hatua ya 3. Siku ya wali, pika kwa maji mengi. Wengi wetu hupika mpaka maji yakauke, na kila kilichotoka kwenye mchele kinarudi humo humo. Tia kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 6 hadi 10 vya maji safi, chemsha uive, kisha mwaga maji kama unavyofanya kwa makaroni. Njia hii huondoa takribani asilimia 40 hadi 60 ya aseniki hiyo isokaboni. Kuosha tu hakupunguzi sana.

Sasa angalieni jambo hili: uji wa unga wa mchele hauna maji ya kumwaga. Chote kilichokuwa kwenye unga mtoto anakinywa. Ukitaka kumpa mchele mtoto wa miezi 8, pika punje nzima hivyo, mwaga maji, kisha uziponde na maziwa.

Maswali ya wanachama

*Nalongo, Jinja: Wangu wana miezi 9, wamekunywa uji wa mchele tangu waanze kula. Niwapeleke kupimwa?*

Usihangaike, Nalongo. Mwili hutoa sehemu kubwa ya aseniki kwa mkojo ndani ya siku chache. Hatari iko kwenye kuirudia kila siku, miezi na miaka. Badilisha uji kuanzia leo.

*Baba Aisha, Arua: Mchele wa kahawia si ndio wenye afya?*

Una nyuzinyuzi na vitamini zaidi, ndugu yangu, lakini aseniki hukaa kwa wingi kwenye pumba, na ule haujaondolewa pumba. Kwa mtoto mdogo chagua mweupe.

*Kuna mchele salama sokoni? Super, Kaiso, Pakistan?*

Jina la kwenye gunia halitoshi kukuhakikishia. Mpunga wa nchi kavu hausimami majini, kwa hiyo kwa kawaida hufyonza kidogo. Basmati ya India na Pakistan nayo mara nyingi hupimwa ikiwa na kiasi kidogo, ila bei yake mnaijua.

*Jajja, Mbale: Mjukuu akiharisha namchemshia maji ya mchele. Niache?*

Asante kwa kuuliza, jajja. Siku mbili tatu za maji ya mchele si za kuogopesha, ila yasikae mahali pa ORS (ile dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji) na zinki. Hizo ndizo za kutangulia, na aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakidumbukia au akikataa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.