Mabehewa ya mizigo kwa kichwa cha treni cha zamani: anza na mwaka, rangi baadaye

Modeli ya kichwa cha treni cha zamani hufika Moshi kwa njia mbili: ama imechanganyika na midoli ya mitumba pale Memorial au Kiboriloni, ama ndugu kaileta kwenye begi kutoka ughaibuni. Mara nyingi inakuja peke yake, bila mabehewa. Mwenye nayo huanza kutafuta mabehewa kwa rangi, jekundu lifuatane na jekundu, au ananunua seti nzima ya boksi moja. Mimi nasema rangi ingoje. Ukishaamua treni yako inatembea mwaka gani, nusu ya mabehewa yaliyoko sokoni yanajiondoa yenyewe.

Mfano wangu utakuwa kichwa cha mvuke cha Kimarekani aina ya Mikado, kwa kuwa ndicho ninacholetewa zaidi. Utakijua kwa magurudumu yake: mawili madogo mbele, manane makubwa ya kuvuta, mawili madogo nyuma, na hivyo huandikwa 2-8-2. Mpangilio huohuo ulikuwepo hata kwetu. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na vichwa vya daraja la 29, vilivyotengenezwa na North British ya Glasgow miaka ya 1950. Mwonyeshe mzee yeyote aliyefanya kazi reli, atakwambia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kulipa

Modeli nyingi za Kimarekani ni HO, yaani 1:87, ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Za Kiingereza nyingi ni OO, yaani 1:76. Tatizo ni kwamba zote mbili zinatembea kwenye reli ileile yenye upana wa milimita 16.5, kwa hiyo behewa la Kiingereza litaingia kwenye reli yako na kuvutwa bila shida, ila litaonekana limevimba. Usiamini macho, chukua rula. Mtu wa mita 1.8 kwenye HO ana urefu wa karibu milimita 21. Kwenye OO anakaribia 24. Kata kikaratasi cha milimita 21 ukisimamishe mlangoni mwa behewa. Kama mlango unamfikia kichwani tu, au umemzidi kama ghala, liache.

Hatua ya 2: Chagua mwaka mmoja

Usiseme "zamani", taja mwaka. Mikado nyepesi za mpango wa serikali ya Marekani zilianza kutoka kiwandani mwaka 1918; ya kwanza kabisa, namba 4500 ya kampuni ya reli ya Baltimore & Ohio, ipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho mjini Baltimore. Vichwa hivi viliendelea na kazi hadi miaka ya 1950, mvuke ulipokuwa unaondolewa. Una nafasi ya miaka zaidi ya thelathini ya kuchagua. Mimi napenda 1948, kwa sababu mwaka huo mabehewa ya mbao na ya chuma yalikuwa bado yanatembea pamoja, na treni inapendeza ikiwa na mchanganyiko.

Kanuni ni moja tu: behewa linaweza kuwa zee kuliko mwaka wako, lakini haliwezi kuwa changa. La 1925 kwenye treni ya 1948 ni sawa kabisa. La 1962 ni kosa, hata kama limepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu.

Hatua ya 3: Soma maandishi ubavuni

Hapa ndipo pa kukaa na lenzi. Mabehewa ya Kimarekani yana cheti cha kuzaliwa ubavuni. Tafuta herufi BLT zikifuatiwa na namba, kwa kawaida upande wa kulia wa mlango: BLT 5-47 maana yake lilitengenezwa Mei 1947. Upande wa kushoto, chini ya namba ya behewa, kuna uzito, na kando yake neno NEW pamoja na tarehe, au tarehe ya kupimwa upya. Tarehe ya kupimwa upya nayo inahesabika. Behewa la 1937 lililoandikwa kuwa limepimwa 1955 haliwezi kuwa kwenye treni ya 1948. Hiyo unaifuta kwa kijiti cha meno na spiriti kidogo, taratibu, usije ukaondoa na rangi ya chini.

Ukikuta kibandiko chenye mistari ya rangi rangi kama bango dogo, hicho ni cha mwaka 1967 kwenda mbele. Rudisha mezani.

Maandishi yakiwa yamefutika, angalia mwili wenyewe:

- Paa. Mabehewa yaliyofungwa ya enzi za mvuke yana njia ya kutembelea juu ya paa, na ngazi ndefu hadi juu. Mapya yalianza kutengenezwa bila njia hiyo mwaka 1966.
- Bogi, yaani ile fremu yenye magurudumu manne inayozunguka chini ya behewa. Zile za vyuma bapa vilivyofungwa kwa bolti, unaona mwanga ukipita katikati yake, hazikuruhusiwa kupita kutoka reli ya kampuni moja kwenda ya nyingine kuanzia 1941. Kwa treni ya 1930 ni nzuri sana. Kwa 1948 zibadilishe.
- Urefu. Behewa lililofungwa la kawaida lilikuwa la futi 40, ambayo kwenye HO ni karibu sentimita 14. Lile refu mno la kubebea vipuri vya magari ni la miaka ya 1960.
- Matangazo. Yale mabehewa ya barafu, yaani ya kubebea vyakula vikipozwa kwa barafu, yenye picha za bia na nyama yanavutia, na wauzaji wanajua hivyo. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilizuia matangazo ya wateja kwenye mabehewa ya kukodi, na baada ya miaka michache yakatoweka. Ukitaka behewa la barafu la 1948, chukua la njano au la chungwa lenye jina la kampuni ya reli tu.

Hatua ya 4: Changanya wamiliki wa mabehewa, fuata mzigo

Sisi tumezoea reli moja, mwenye reli mmoja, kwa hiyo tunadhani mabehewa yote lazima yawe na jina lililoandikwa kwenye kichwa. Marekani ilikuwa na makampuni mengi ya reli na yalipokezana mabehewa. Lililofungwa, la kubebea chochote, lilizurura nchi nzima, na yale ya Pennsylvania na New York Central yalionekana kila kona kwa sababu makampuni hayo yalikuwa na mabehewa mengi kuliko mengine. Ila ya makaa ya mawe yalikwenda na kurudi kati ya mgodi na mteja, kwa hiyo hayo yawe ya kampuni ya kichwa chako au jirani yake. Treni yangu ya mabehewa manane ingekuwa hivi: manne yaliyofungwa ya makampuni manne tofauti, mawili ya makaa ya kampuni moja, tenki moja dogo jeusi lenye nundu juu, na mwisho behewa la gadi la kampuni ya kichwa. La gadi halichanganywi, maana halikuazimwa ovyo.

Hatua ya 5: Ndoano na uzito

Modeli nyingi za vichwa zilizotengenezwa miaka ya 1950 na 1960 zina ndoano ya plastiki yenye pembe, na haishikani vizuri na ndoano za chuma za kampuni ya Kadee. Chagua aina moja ubadilishe zote. Kama kichwa ni cha thamani, acha ndoano yake ya asili, kisha fanya behewa la kwanza liwe daraja: mbele ndoano ya zamani, nyuma mpya.

Uzito una kanuni iliyowekwa na chama cha wanamodeli wa Marekani, NMRA: kwa HO ni gramu 28, ongeza gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la futi 40 linakuja karibu gramu 105. Mzani wa jikoni unatosha, na ukiwa Arusha omba wauza madini wakupimie, mizani yao haina mzaha. La kuongezea uzito omba gereji, vile vipande vya kubalansi matairi. Cha risasi nawa mikono baada ya kukishika. Cha chuma usikitumie kama unatenganisha mabehewa kwa sumaku iliyo chini ya reli, kitavutwa.

Hatua ya 6: Vumbi

Mabehewa ya umri tofauti yasing'ae sawasawa. La 1947 lipewe vumbi kidogo chini tu, la 1925 lififie lote. Udongo wetu uliochekechwa kwa kitambaa cha soksi unafanya kazi nzuri, lakini upitishie sumaku kwanza. Udongo wa volkano una chembe za chuma, na chembe hizo zikiingia kwenye mota ya kichwa hazitoki kirahisi.

Ukitaka treni ya Tanga badala ya Marekani

Mpangilio wa kazi ni uleule, ila vipimo vinabadilika. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, kwa hiyo kwenye 1:87 unahitaji njia ya milimita 12, siyo 16.5. Miaka ya kushika ni hii: reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikasogezwa Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1948 ya Tanganyika ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda. Kuanzia hapo mwenye mabehewa ni mmoja, basi kanuni ya kuchanganya makampuni haikuhusu. Unachanganya umri na mzigo. Katani kutoka Korogwe, kahawa ya Kilimanjaro, sukari ya kiwanda cha TPC, mafuta yanayopanda kwenda bara. Mabehewa haya hutayapata dukani. Yatengeneze kwa kadi ngumu ya plastiki, uanze na lililofungwa, maana kahawa na sukari vyote vinaingia humo.