Kabla ya kulipia chumba kisiwani, uliza habari za maji

Picha za hoteli za ufukweni karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, ile bahari ya buluu huenda ikawa mwendo wa robo saa kwa miguu, juu ya mwani na matumbawe yanayokata nyayo. Nimewahi kuifuata na taulo begani mpaka nikakata tamaa.

Fungua ramani ya setilaiti, vuta karibu. Ukiona ukanda mpana kati ya mchanga na mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika, jua hapo maji hukimbia mbali. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvu, yaani maji hujaa sana na hupwa zaidi, kwa hiyo linganisha tarehe zako.

Upepo nao una upande wake. Joshini, upande unaopigwa na upepo, kuna mawimbi, lakini mbu wachache na usiku wa baridi kidogo. Demani, upande uliokingwa na upepo, bahari imetulia, ila bila feni na chandarua hulali.

Mwenyeji mwulize swali moja tu: "Tarehe hiyo, saa nane mchana, naweza kuogelea hapo mbele?" Akianza kukusifia bwawa lake, umeshajibiwa.