Kabla Hujamtoa Wodini Mgonjwa Aliyeungua

Siku ya ruhusa ni siku mbaya ya kuuliza maswali. Ndugu wamekuja na gari la kukodi, mhasibu anataka bili imalizwe, nesi ana wagonjwa wengine, na mgonjwa mwenyewe hataki kusikia jingine ila nyumbani. Haya yafuatayo yashughulikiwe siku kadhaa kabla, wakati mtu wa kuulizwa bado yupo.

Kwanza muelewe kwamba kidonda kikishafunga, ndipo kovu linapoanza kazi yake. Mtu akiungua kwa kina, hasa kidonda kikichukua zaidi ya wiki tatu kupona au kikahitaji kupandikizwa ngozi, kovu huanza kutuna baada ya wiki chache, huzidi kukakamaa kwa miezi kadhaa, kisha hulainika taratibu. Yote hayo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Ndiyo maana mtu hutoka hospitali mkono ukinyooka vizuri, akarudi miezi minne baadaye kiwiko kimejikunja. Si lazima daktari awe amekosea. Kovu limevuta.

Na huvuta kuelekea mkao ule ule ambao mgonjwa anauona wa raha. Aliyeungua shingo huomba mto, na mto huo ndio unaoshusha kidevu kifuani. Aliyeungua kwapa hubana mkono ubavuni. Mwenye kidonda nyuma ya goti hulala amekunja mguu. Kwa hiyo kitanda cha nyumbani kipangwe kabla hajafika: wa shingo alale bila mto, wa kwapa awe na mahali pa kuweka mkono ukiwa mbali na ubavu, wa goti alale mguu umenyooka, na unyayo usiachwe ukaning'inia. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe kwa mikono yake mazoezi na namna ya kufunga banzi la usiku, yaani kifaa kigumu kinachozuia kiungo kisijikunje. Anayefundishwa awe yule atakayeshinda na mgonjwa kila siku, si yule mwenye gari. Akiridhia, mrekodini kwa simu.

Mazoezi hayo yanauma, na hapa ndipo familia nyingi hushindwa. Mama anamwona mwanawe analia, anasema mwacheni apumzike leo. Namwelewa, lakini leo ikirudiwa mara kumi kiungo kimeshakaza, na kukifungua kutataka upasuaji mwingine. Ulizeni dawa ya maumivu ipi apewe kabla ya mazoezi, na kwa mtoto geuzeni zoezi kuwa mchezo: mpira ushikwe juu ili mkono ulioungua uufuate.

Nguo za kubana, zile zinazokandamiza kovu lisitune, ulizeni mapema, maana bei yake hushtua. Huvaliwa kidonda kikishafunga, takriban saa 23 kwa siku, na kuvuliwa wakati wa kuoga na kupaka mafuta. Zinatakiwa jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na zikilegea zibadilishwe. Jueni kama bima inalipa, na kama hailipi, ulizeni kama bandeji za kuvutika zinaweza kushika nafasi yake.

Kuna jambo ambalo watu hawaonywi vya kutosha: muwasho. Unaweza kumnyima mtu usingizi kwa miezi. Ngozi iliyopandikizwa haina tezi za mafuta za kutosha kujilainisha, hivyo ipakwe mafuta mgando yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, huku ikikandwa kwa kidole gumba. Kucha zikatwe fupi. Omba dawa ya muwasho iandikwe kabla hamjaondoka, usingoje kliniki ijayo. Pale paja lilipochunwa ngozi ya kupandikiza napo huwasha, nako kunahitaji matunzo hayo hayo.

Ngozi hiyo mpya pia haitoi jasho kama zamani na haisikii joto vizuri. Aliyeungua sehemu kubwa atataabika na joto la Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo atafutiwe chumba chenye hewa na anywe maji ya kutosha. Maji yake ya kuoga yapimwe na mkono wa mtu mwingine. Kofia na mikono mirefu ni za lazima juani kwa mwaka wa kwanza na hata wa pili.

Chakula: mayai, dagaa, maharage, maziwa, karanga. Mwili ulioungua sana huendelea kula misuli yake muda mrefu baada ya kidonda kufunga. Supu ya mifupa inayoletwa na kila mgeni ni tamu, lakini haifiki mbali.

Kuhusu moyo, mpeni kioo kabla hajatoka, kama ameungua uso na kama yuko tayari. Ni afadhali ajione mara ya kwanza nesi akiwa karibu kuliko kwenye kioo cha daladala. Ndoto za moto na kuogopa jiko ni mambo ya kawaida mwanzoni. Zikiendelea kwa wiki nyingi, au akianza kukata tamaa ya kuishi, hilo ni la daktari, si la kumwambia ajikaze. Kwa mwanafunzi, mzazi aende shuleni peke yake kwanza azungumze na mwalimu wa darasa. Na mgeni anayekuja kusema "ungekuwa makini" aishie barazani.

Wataalamu wa majeraha ya moto wako zaidi hospitali kubwa, kama Muhimbili au Kenyatta. Anayerudi mbali aondoke na barua ya hospitali ya karibu nyumbani, tarehe ya kliniki na nauli iliyotengwa. Mtoto ataendelea kurudi hadi amalize kukua, kwa sababu kovu halikui sambamba naye. Binti aliyeungua kifua anaweza kuhitaji kufunguliwa kovu matiti yanapoanza kuota.

Ikiwa aliungua kwa kuangukia moto kwenye kifafa, asitoke bila dawa za kifafa. Na asikae peke yake jikoni tena, hata jiko likiinuliwa kutoka chini.

Jambo la mwisho ni la miaka mingi ijayo, na liandikwe kwenye kadi yake. Kovu la zamani, hasa lililoachwa lijifunge bila kupandikizwa, linaweza kufanya kidonda kisichopona. Kidonda hicho hubeba jina la Marjolin, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1828, na huweza kuwa saratani, mara nyingi miongo kadhaa baada ya moto wenyewe. Kovu likichimbika na wiki zikapita bila kufunga, asiendelee kupaka dawa za duka. Aende hospitali aombe kipande kikatwe kikapimwe.